Ufundi wa Vidole Sita

Kabla mtoto asiyeona hajafundishwa herufi hata moja, mwalimu wake humwekea mezani sinia la maharage yaliyochanganywa na punje za mahindi na kunde, akamtaka atenganishe. Kazi hiyo huenda wiki kadhaa. Anayepita dirishani ataona watoto wanachezea nafaka na mwalimu ameketi, mikono juu ya magoti. Mwalimu yuko kazini. Anatazama nani anazoa punje kwa kiganja kizima na nani ameanza kuziokota kwa ncha za vidole viwili; nani anabonyeza mpaka ukucha unabadilika rangi, na nani amekwisha kugundua, bila kuambiwa, kwamba kidole huhisi zaidi kinapogusa kidogo. Huyu wa mwisho yu karibu kusoma. Wengine wataongezewa kazi: kufunga na kufungua vifungo, kutunga shanga, kufuata kwa kidole uzi uliobandikwa kwenye karatasi kutoka kushoto kwenda kulia bila kuuacha.

Elimu maalumu kwetu huzungumzwa mno kwa lugha ya huruma. Gazetini tunaona kiongozi akikabidhi fimbo nyeupe, na hotubani tunasikia kwamba watoto wenye ulemavu wasifichwe ndani. Ni kweli, wasifichwe. Lakini mtoto akishatolewa ndani na kuletwa shuleni, kuna mtu lazima amfundishe kusoma, na huruma peke yake haijui kusoma. Kinachohitajika hapo ni ufundi wenye hatua zake, zana zake, makosa yake yanayofahamika na njia za kuyarekebisha. Kwa Tanzania Bara, sehemu kubwa ya ufundi huo hufanyika katika shule za msingi za halmashauri, kwenye chumba kimoja au viwili vya shule ya kawaida vinavyoitwa kitengo. Ningependa kuutazama kwa karibu, kwa sababu naona hautazamwi vya kutosha.

Turudi kwenye kidole. Nukta moja ya nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kugusa, huinuka juu ya karatasi kwa takriban milimita 0.5. Kutoka nukta moja hadi jirani yake ndani ya herufi ni kama milimita 2.5. Anayekandamiza hupoteza tofauti hizo, na zaidi ya hapo huzilaza nukta zenyewe, hata mwenzake atakayekipokea kitabu mwaka ujao akute kurasa zilizochakaa ambazo hazisemi kitu. Ndiyo maana mwalimu hurudia neno moja tangu asubuhi hadi mchana: taratibu, taratibu. Mguso anaoutafuta ni ule wa mama anayepima homa ya mtoto aliyelala, asiyetaka kumwamsha lakini anayetaka kujua.

Mpangilio wenyewe wa nukta ulizaliwa kutokana na kuijua ncha ya kidole. Huko Ufaransa, afisa wa jeshi aitwaye Charles Barbier alikuwa amebuni maandishi ya nukta za kuinuka yenye nukta hadi 12 kwa kila alama. Louis Braille, kijana aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza uwezo wa kuona utotoni, aliyajaribu akiwa mwanafunzi jijini Paris, akaona kasoro ambayo mwenye macho hakuiona: alama ilikuwa ndefu kupita kidole. Ilibidi kidole kipande na kushuka ndipo kiielewe. Alipofika umri wa miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amekwisha kuipunguza hadi nukta 6, safu mbili za nukta tatu tatu, na mwaka 1829 akauchapisha mfumo wake. Nukta 6 hukaa chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja.

Darasani nukta hizo huanza zikiwa kubwa. Mwalimu hukata trei ya mayai abakize mashimo sita, mawili kwa upana na matatu kwa urefu, akatafuta mipira midogo, au limau, au vifuniko vya chupa. Juu kushoto ni nukta ya 1, chini yake ya 2, chini tena ya 3. Kulia ni 4, 5 na 6. Mtoto huweka mpira shimo la kwanza: hiyo ni a. Huongeza wa pili na wa tatu chini yake: hiyo ni l. Huondoa ule wa katikati, pakabaki pengo: hiyo ni k. Kwa herufi hizo tatu tu mtoto tayari ana kaka na lala, na mwalimu hatamwacha aende nyumbani siku hiyo kabla hajazisoma. Kisha trei hubadilishwa kwa ubao wenye vichwa vya misumari, ubao ukabadilishwa kwa nukta za shanga zilizobandikwa kwenye kadi, mpaka hatua kwa hatua umbo lile lile linapungua na kufikia kipimo cha karatasi. Mtoto asisikie kwamba amehamishwa.

Hapa panaanza mitego, na hapa ndipo ninapopenda zaidi kumtazama mwalimu anayeijua kazi yake. Herufi e ni nukta ya 1 na ya 5. Herufi i ni nukta ya 2 na ya 4. Zote mbili ni nukta mbili zilizokaa mshazari. Moja inateremka kuelekea kulia, nyingine inapanda. Kwa kidole kichanga ni kitu kimoja. Katika Kiswahili irabu hizi zimo karibu kila neno, na mara nyingi ndizo pekee zinazotenganisha neno na neno: lia na lea, pita na peta, sima na sema. Mwalimu mgeni wa kazi hufundisha irabu zote tano kwa mpangilio, a, e, i, o, u, kama alivyofundishwa yeye kwa chaki, na baada ya mwezi ana darasa zima la watoto wanaokisia. Mwalimu mzoefu huitoa e kwanza. Huikalisha peke yake, huizungushia maneno mengi, huacha kidole kiizoee mpaka mtoto aitambue bila kufikiri. Ndipo, baada ya kitambo, huileta i. Na anapoileta hatumii neno. Humpa mtoto mstari wa herufi moja iliyorudiwa, e, e, e, e, akaficha katikati yake i moja, na kumwambia: hapa kuna mmoja asiyefanana na wenzake, mtafute. Mtoto akimpata hucheka. Kesho yake mgeni huwa amehama mahali pengine.

Kuna pia suala la w. Braille alipanga herufi kwa utaratibu mzuri: kumi za kwanza hutumia nukta nne za juu tu, kumi zinazofuata ni zile zile zikiongezwa nukta ya 3, na zilizobaki huongezewa ya 3 na ya 6. Kifaransa cha wakati wake hakikuihitaji w, kwa hiyo iliongezwa baadaye, na umbo lake, nukta 2, 4, 5 na 6, haliko katika utaratibu huo. Chati nyingi huiweka mwishoni. Lakini mtoto wetu hawezi kusubiri mwisho wa chati ndipo asome wewe, watoto na mwalimu. Anayefundisha vizuri huivuta w mbele, akaifundisha kama rafiki aliyetoka kijiji kingine, bila kujali mpangilio wa kitabu unasemaje.

Halafu ni mwendo. Msomaji mzuri wa nukta nundu hutumia mikono miwili. Vidole vya shahada huanza pamoja. Mkono wa kulia ukikaribia mwisho wa mstari, wa kushoto hujitenga, ukateremka na kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata, hata wa kulia unapomaliza neno la mwisho mwenzake ameshalishika la kwanza. Sauti haikatiki. Kulifikia hilo huchukua miaka, na adui yake mkubwa ni tabia ya kusugua herufi juu na chini, kidole kikihesabu nukta moja moja. Mtoto anayehesabu nukta anaweza kutaja kila herufi bila kosa na asijue ametoka kusoma nini. Nimeona walimu wakiitibu tabia hii kwa njia ya kupendeza: mwalimu huweka vidole vyake mwenyewe kwenye mstari, mtoto akaweka mikono yake juu ya mikono ya mwalimu, nao wakasafiri pamoja ukurasa mzima, mtoto akiupokea mwendo tu, bila kuulizwa herufi yoyote. Ukurasa wa pili, wa tatu. Mwendo ukishaingia, herufi hufuata.

Kuandika kuna zana mbili. Ya kwanza ni mashine ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham, mwalimu wa useremala katika shule ya wasioona ya Perkins nchini Marekani, na kuanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1951. Ni chuma kizito, karibu kilo 5, chenye vitufe sita vya kuandikia na kimoja cha kuachia nafasi katikati. Kidole cha shahada cha kushoto ni nukta ya 1, cha kati ni ya 2, cha pete ni ya 3; upande wa kulia ni 4, 5 na 6. Herufi hupigwa kwa mara moja, vidole vyote vinavyohusika vikishuka pamoja. Kimoja kikichelewa, mashine husogea na herufi hugawanyika mara mbili. Kidole cha pete ndicho dhaifu kwa watoto wadogo, kwa hiyo mwalimu huwapa mazoezi ya kukiimarisha kabla hajawakalisha kwenye mashine: kubonyeza udongo wa mfinyanzi, kupiga meza kwa vidole viwili viwili. Darasa likishaanza kuandika, chumba hujaa mlio wa chuma na vikengele vidogo vinavyoonya kwamba mstari unakaribia kwisha. Katikati ya kelele hiyo mwalimu, akiwa amewapa mgongo, anaweza kumwita mtoto wa meza ya nyuma na kumwambia rudia hiyo. Amesikia kwamba vidole havikushuka pamoja.

Zana ya pili ni sleti na stailasi, kibao cha chuma chenye vidirisha na msumari mfupi wenye mpini. Ni rahisi, huingia mfukoni, haiharibiki. Ugumu wake ni kwamba nukta hutobolewa kutoka nyuma ya karatasi, kwa hiyo mwandishi huenda kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi huwa imegeuka. Fikiria mtoto aliyemaliza juzi tu kuzitenganisha e na i, leo anaambiwa kwamba ili aandike e inambidi atoboe nukta ambazo zingesomeka i. Mwalimu asiyejua humweleza kuhusu kushoto na kulia, naye mtoto huchanganyikiwa kabisa. Mwalimu anayejua hayataji maneno hayo. Husema safu ya kwanza na safu ya pili. Ukisoma, safu unayokutana nayo kwanza ni yenye nukta 1, 2 na 3. Ukiandika, safu unayokutana nayo kwanza ni hiyo hiyo yenye 1, 2 na 3. Mwelekeo umebadilika, mpangilio haukubadilika, na mtoto hana cha kugeuza kichwani. Jambo dogo kama hilo, la maneno mawili kuchukua mahali pa maneno mengine mawili, humwokolea mtoto miezi. Hakuna anayelibuni peke yake kwa moyo mwema; hufundishwa, na aliyefundishwa huwafundisha wenzake.

Hapa nchini kazi hii ilianzishwa na makanisa. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950 chini ya Kanisa Anglikana. Ya viziwi Tabora ilifuata mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki. Walutheri wakawa na yao ya wasioona Irente, Lushoto. Baadaye serikali nayo ikaweka vitengo ndani ya shule za kawaida. Uhuru Mchanganyiko, katikati ya Dar es Salaam, inajulikana kwa kuwasomesha pamoja watoto wasioona, wenye ulemavu wa akili, viziwi wasioona na watoto wasio na ulemavu. Mwisenge ya Musoma, alikosoma Mwalimu Nyerere utotoni, ina kitengo cha wasioona. Walimu wengi wa kazi hii hupitia Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru, nje kidogo ya Arusha; wengine hutoka vyuo vikuu, Dodoma kikiwamo. Ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na upo Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Hayo yote ni ya lazima na sitayarefusha.

Mtu ambaye ningependa asisahaulike ni afisa elimu maalumu wa halmashauri. Kazi yake huanza mtoto akiwa bado hajafika shuleni. Kila mwaka, pamoja na walimu wa vitengo na viongozi wa mitaa na vitongoji, hutakiwa kuwatambua watoto wenye mahitaji maalumu na kuwapima. Kwenye karatasi huitwa ubainishaji na upimaji. Uani kwa watu huwa ni mazungumzo, na mazungumzo hayo yana ustadi wake. Hafiki akauliza kama kuna mlemavu humu. Hubisha hodi, huamkia, hukaa mkekani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti."

"Starehe, bibi. Nimekuja kuandikisha watoto wa shule. Wajukuu ni wangapi hapa?"

Bibi hutaja wanne. Afisa huandika wanne, huuliza majina, huuliza nani anapenda uji na nani anapenda kulala. Kisha huuliza aliyefuata baada ya yule wa tatu alizaliwa mwaka gani, maana ameona pengo la miaka. Wakati mwingine ndipo bibi hunyamaza, akasema: yupo, lakini huyo si wa shule. Afisa hamlaumu. Huomba kumsalimia.

Upimaji wenyewe huanza kwa vitu vya pale pale. Huweka punje ya hindi jeupe juu ya kitambaa cheusi, kisha juu ya cheupe, akaangalia kama mtoto anaifuata kwa jicho au anapapasa. Humtoa kivulini na kumpeleka juani aone kama anakunja uso na kupoteza njia. Kwa anayeweza, hutumia kadi yenye herufi E inayogeuzwa pande nne, mtoto akionyesha kwa mkono mikono ya E inaelekea wapi. Haimlazimu kujua kusoma. Kwa kusikia, hupiga kopo nyuma yake, lakini kwanza huhakikisha kivuli chake hakianguki mbele ya mtoto na miguu haitikisi sakafu, kwa sababu mtoto kiziwi huwa hodari wa vivuli na mitikisiko, na amewahadaa wengi wakadhani anasikia. Halafu mtoto hupelekwa hospitali kwa vipimo kamili. Majirani zetu wa Kenya walilitilia jambo hili uzito mapema: mwaka 1984 walianzisha vituo vya upimaji na rasilimali, na mwaka 1986 taasisi yao ya elimu maalumu, KISE. Wazo lililo nyuma yake ni sahihi kabisa. Ukikosea kupima, kila kitakachofuata kitakuwa kosa lililofanywa kwa bidii.

Mfano wake ni mtoto mwenye ualbino. Wengi wao wana uoni hafifu, yaani wanaona, ila si vizuri. Kwa miaka mingi, hasa baada ya mashambulizi yaliyoanza kusikika kwa wingi kuanzia mwaka 2007, watoto hawa walipelekwa kwenye shule za bweni za wasioona kwa ajili ya usalama wao, na huko wakafundishwa nukta nundu kama wenzao. Ukiingia darasani unawatambua mara moja: wameinamisha uso hadi pua inagusa karatasi nyeupe, wanazisoma nukta kwa macho. Shingo inauma, macho yanachoka, na vidole havikujifunza kitu. Mtoto huyu alihitaji maandishi makubwa na meusi, kiti cha mbele pasipo mwanga wa dirisha usoni, lenzi ya kukuzia, kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mashine ya Perkins. Kilichotakiwa ni mtu wa kumtazama kwa nusu saa na kuuliza: huyu anatumia jicho au kidole?

Chumba cha pili cha kitengo mara nyingi ni cha watoto wenye ulemavu wa akili, na huko ufundi ni wa namna nyingine, ingawa subira ni ile ile. Chukua kufunga kifungo cha shati. Sisi tunaona tendo moja. Mwalimu ameligawa vipande sita au saba: kushika ukingo wa shati, kukitafuta kifungo, kukiinamisha, kukipenyeza nusu tunduni, kukidaka upande wa pili, kukivuta. Halafu, na hili ndilo lililonishangaza nilipoelezwa mara ya kwanza, huanzia mwisho. Mwalimu hufanya hatua zote yeye mwenyewe, akamwachia mtoto ile ya mwisho tu, kuvuta. Mtoto huvuta, kifungo hukaa. Amefunga shati. Wiki nyingine huachiwa hatua mbili za mwisho. Kila mara anayemaliza kazi ni mtoto, na kila mara kazi inamalizikia kwenye kufaulu. Ukianzia mwanzo mtoto hufanya kidogo kisha mtu mzima akampokonya, na anachojifunza ni kupokonywa.

Kwa viziwi wasioona mambo ni ya karibu zaidi bado. Mwalimu huzungumza kwa alama zinazofanywa ndani ya mikono ya mtoto, na kwa wale ambao bado hawajapata lugha huanza na vitu: kijiko akikabidhiwa ni chakula kinakuja, kipande cha kamba ni bembea, taulo ni kuoga. Kitu kile kile, kwa mtu yule yule, kabla ya tukio lile lile, kila siku. Mpaka siku moja mtoto mwenyewe humletea mwalimu kile kipande cha kamba. Mwalimu huacha chochote alichokuwa akifanya na kumpeleka bembeani, hata kama ni katikati ya kipindi, kwa sababu mtoto amesema.

Nikiyatazama haya najua ninachokitaka kwa halmashauri, na ni vitu vya kawaida kabisa. Karatasi za nukta nundu ni nzito na ghali kuliko za daftari, na kitabu kimoja cha kawaida kikihamishiwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa. Darasa likiishiwa karatasi walimu hutafuta kalenda za mwaka uliopita na majalada ya mafaili. Nawaheshimu kwa hilo, lakini lisingepaswa kuwa sehemu ya kazi yao. Mashine za Perkins huganda mafuta na kujaa vumbi. Kinachohitajika ni fundi mwenye ujuzi na vipuri, na mtu wa kuzikagua kila likizo. Kubwa kuliko yote ni mwalimu mwenyewe. Halmashauri ndiyo inayompangia kituo. Kumtoa mwalimu wa nukta nundu kitengoni ili akazibe pengo la darasa la kawaida kata nyingine huonekana, kwenye jedwali la ikama, kama hesabu iliyosawazishwa. Kitengoni ni kama kuondoa macho na masikio ya darasa. Watoto aliowaacha katikati ya e na i hawatakuwa mahali hapo hapo akirudi, kama atarudi.

Usiku, mwalimu huyu hufanya kazi ambayo haimo katika ratiba yoyote. Mwalimu wa sayansi amempa maswali ya jaribio la kesho. Anayapiga kwenye mashine, nakala kwa nakala. Mchoro wa ua anaufanya kwa uzi na gundi. Majibu ya watoto anayasoma na kuyaandika kwa kalamu juu ya mistari ya nukta, ili mwalimu wa somo aweze kusahihisha. Kwa mtihani wa taifa, Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na watahiniwa hawa huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Nyongeza hiyo ni ya haki. Anayesoma jedwali kwa kidole hana namna ya kulitupia jicho lote mara moja. Lazima alipitie safu kwa safu na kulihifadhi kichwani, huku akihesabu kwa abakasi, ile iliyowekewa kitambaa nyuma ya shanga zisiteleze zikiguswa.

Ipo sehemu moja zaidi ya kazi yake, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi wake hapo ni mtu mzima. Watoto wasioona wakishasoma vizuri huingia madarasa ya kawaida pamoja na wenzao. Huko ubaoni mwalimu wa Hisabati huandika na kusema: "Tunachukua hii, tunaongeza hii, tunapata hii." Wenye macho wameelewa. Aliyekaa na mashine yake mbele hana cha kuandika. Mwalimu wa kitengo hamsemi mwenzake mbele ya watoto. Humngoja chumba cha walimu, wakinywa chai, akamwomba jambo moja tu: ataje anachoandika. Aseme tatu jumlisha nne. Aseme pembetatu yenye kitako sentimita sita, mstari wa wima kutoka ncha ya juu, akichora. Wiki ya kwanza mwenzake husahau, akakumbuka katikati ya sentensi na kurudia. Wiki ya pili mwalimu wa kitengo huingia na kukaa nyuma, akihesabu kimya kimya ni mara ngapi neno hii limesemwa bila jina lake, na wakitoka humpa idadi. Imeshuka. Wanaendelea hivyo hadi mwisho wa muhula, na muhula unaofuata anahamia kwa mwalimu wa Jiografia, mwenye ramani.